Bando Wanatuuzia kwa Baiti, Kasi kwa Biti

Mtu akinunua intaneti ya nyumbani Uyole jijini Mbeya au Kihesa mjini Iringa, akaambiwa na wakala kwamba ni "ya MB 20", hesabu inayomjia kichwani ni moja tu: muvi ya MB 700 itashuka kwa sekunde 35. Anafungiwa rauta, anajaribu, muvi inachukua kama dakika tano. Anampigia wakala. Wakala anamwambia mtandao uko vizuri, hebu zima rauta uwashe tena. Anazima, anawasha, dakika ni zilezile.

Hakuna kilichoharibika. Fundi akiletwa na kifaa chake cha kupimia, kioo kitasoma 20 na ataondoka akiwa na amani. Ila ile 20 ni megabiti kwa sekunde, na ile 700 ya muvi ni megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Gawanya 20 kwa 8 unapata 2.5. Gawanya 700 kwa 2.5 unapata sekunde 280, yaani dakika nne na sekunde arobaini. Ongeza kidogo, kwa kuwa kila kipande cha data husafiri na anwani na maelezo yake ambayo nayo yanakula nafasi, na dakika tano zinatimia. Mteja amepata chote alichouziwa, na bado anahisi ameibiwa.

Kinachonikera ni kwamba kampuni hiyohiyo, mara nyingi kwenye bango hilohilo, inamuuzia bando kwa baiti na kasi kwa biti. GB 10 za mwezi ni gigabaiti. Mbps 20 ni megabiti. Namba hizo zinafanana kama mtu na mdogo wake, lakini huwezi kuzikutanisha bila kupitia kwenye nane ambayo hakuna aliyekutajia. Hata swali jepesi, kwamba GB 1 yangu inaweza kuisha kwa muda gani, linamshinda mteja. Jibu lake linatisha kidogo: kwa Mbps 20 za kweli, GB 1 inakwisha kwa dakika sita na sekunde arobaini. Wanaolalamika kila siku kwamba bando "linaliwa" wangepata sehemu ya jibu hapo. Programu za video hujipandishia ubora zenyewe zikiona njia imefunguka, kwa hiyo mtandao ukiwa mwepesi picha inang'aa na GB zinayeyuka. Saa moja ya filamu yenye ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3.

Walioijua nane hii bila kukaa darasani ni vijana wa maduka ya muvi. Ingia kibanda chochote Mwanjelwa, Mbeya, chenye laptopu, diski ya nje na lundo la flashi zenye vikaratasi vya majina ya wateja. Kijana anashusha tamthilia usiku, asubuhi anawawekea watu. (Hakimiliki tuiachie makala nyingine.) Macho yake yako kwenye kona ya programu ya kupakulia, panapoandikwa MB/s, B kubwa, yaani baiti. Ikisoma 2.3 anajua mzigo wa GB 8 utakuwa chini ndani ya saa moja. Ikisoma 0.4 anajua ni saa tano na ushee, anaiacha ikihangaika na kwenda kulala. Ukimuuliza ana intaneti ya ngapi, hatakutajia namba ya kwenye bango. Atakwambia, "Inashusha mbili na nusu, kaka." Hicho ndicho kipimo chake cha biashara, na amekipata kwa kupata hasara.

Mafundi wana utetezi wao, na ni wa haki. Waya, au mwanga ndani ya faiba, hupitisha mfululizo wa sifuri na moja, kwa hiyo kuhesabu biti kwa sekunde ndiko kuipima njia yenyewe. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alitumia jina la biti katika andiko lake la nadharia ya mawasiliano la mwaka 1948, akimtaja John Tukey kuwa ndiye aliyelipendekeza. Baiti ilikuja mwaka 1956 kutoka kwa Werner Buchholz wa kampuni ya kompyuta ya IBM, na haikuwa nane tangu mwanzo. Ukubwa wake ulitofautiana kutoka mashine moja hadi nyingine, na ilianza kutulia kwenye nane IBM ilipotangaza kompyuta zake za System/360 mwaka 1964. Mhandisi wa simu asingekubali kupima njia yake kwa kitu kinachotegemea kompyuta iliyo upande wa pili. Ndiyo maana hata modemu za zamani, zile za 56k zilizokuwa zikilia kama redio iliyopoteza stesheni, zilitangazwa kwa kilobiti, na kwa hesabu ya nane hiyo ni kilobaiti 7 kwa sekunde, ambazo hazikufika hata siku zilipokuwa na afya.

Hayo yote ni sahihi ndani ya chumba cha mitambo. Pale Kabwe, chini ya mwavuli wa wakala, hakuna mhandisi.

"Mwanangu, hii ni ya ngapi?" anauliza mama mwenye duka.

"Hii ni MB ishirini, mama. Inakimbia hiyo, utafurahi mwenyewe."

Kijana wa watu hajui kwamba amebadilisha kipimo. Mdomoni hakuna b ndogo ya biti wala B kubwa ya baiti. Na aliyechora bango aliandika 20MBPS kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu inapendeza kwa mbali. Wataalamu wameining'iniza tofauti ya mara nane kwenye umbo la herufi moja, na herufi hiyo inakufa kabla haijamfikia mnunuzi.

Dawa inayotajwa kila mara ni elimu kwa umma: mteja ajifunze kugawanya kwa nane. Dawa hiyo siiafiki. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna uzoefu wa vipimo kuliko wengi, kwa sababu ya lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo chake. Mkulima wa viazi wa Isyonje au Njombe alitajiwa bei ya gunia, mnunuzi akaja na gunia lenye kilemba, na kilemba chenyewe kikawa kama gunia jingine. Sikuwahi kusikia mtu akipendekeza mkulima apelekwe semina akajifunze ujazo wa kilemba. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba mazao yauzwe kwa uzito, mizani iwepo, na Wakala wa Vipimo wenye Sheria yao ya Vipimo, Sura ya 340, wamkamate anayekaidi. Lumbesa haijaisha, kila msimu wa mavuno tunaisikia. Lakini angalau ilikubalika ni nani mwenye wajibu. Kwenye intaneti wajibu bado tumemtwisha mama wa duka.

Kwa hiyo ninachodai kwenye suala la biti ni kidogo na hakina gharama: popote kampuni inapotangaza kasi, iandike pia MB kwa sekunde, kwa herufi za ukubwa uleule. "Mbps 20, sawa na MB 2.5 kwa sekunde." Yule kijana wa Mwanjelwa hatapata jipya. Mama wa duka atapata.

Tukishapata hilo, bado tutakuwa tumepata kidogo. Biti ina uungwana wake: ni nane leo na nane kesho, nane Tukuyu na nane Mafinga. Ukishaielewa haikusumbui tena. Neno "hadi" huwezi kuligawanya kwa chochote. Tangazo la "kasi ya hadi Mbps 150" haliwezi kuwa la uongo hata ukipata 3, maana 3 nayo imo ndani ya 150.

Na 150 yenyewe haikutungwa. Ni kiwango cha juu cha kinadharia cha 4G inayotumia masafa ya upana wa megahezi 20 na antena mbili, kwa simu ya daraja la nne (Category 4) katika viwango vya 4G. Ni hali ya simu moja iliyo karibu na mnara, hewa safi, bila mtu mwingine. Mnara wa mtaani hugawa uwezo wake kwa kila simu iliyoushika kwa upande huo. Saa 10 alfajiri unaweza kuwa peke yako na ukaiona namba ya kupendeza. Saa 2 usiku mtaa wote wa Soweto, Mbeya, umerudi nyumbani, kuna mechi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wamejilaza na simu, na kila mmoja anafungua video. Mnara ni uleule. Bango nalo ni lilelile.

Ardhi yetu inaongeza utata. Mbeya imekaa bondeni, safu ya Loleza upande mmoja na milima ya Uporoto upande wa pili. Mji wa Iringa uko juu kilimani na Ipogolo iko chini, kando ya Ruaha Mdogo. Mtu wa Gangilonga kule juu na mtu wa Ipogolo wanaweza kuwa na laini ya kampuni moja, bando moja na simu za aina moja, wakawa wanaishi kwenye intaneti mbili tofauti. Tangazo la redioni linawapa wote namba moja, tena ile iliyopimwa kwa ajili ya nchi nzima au haikupimwa popote.

Wapo wanaonijibu kwamba tuna Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya faiba ya nchi, malalamiko ya nini? Ni kweli tunao. Umepita Iringa na Mbeya ukafika Tunduma mpakani na Zambia, na nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010. Tofauti tuliyoiona tangu enzi za kadi za kukwangua na intaneti kafe za saa moja si ndogo. Ila uwezo wa mkongo hauingii nyumbani mwako wenyewe. Kinachobana ni kipande cha mwisho, kutoka kwenye mnara au kwenye kisanduku cha mtaa hadi ukutani kwako, na kuhusu kipande hicho matangazo hukaa kimya.

Uingereza walilibana neno hili. Kabla ya mwaka 2018, kampuni iliruhusiwa kutangaza "hadi" fulani iwapo asilimia 10 tu ya wateja wake waliweza kuifikia. Tangu Mei 2018, namba inayotangazwa kwa intaneti ya nyumbani inapaswa kuwa ile inayopatikana na angalau nusu ya wateja, tena katika saa za msongamano, yaani kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Kampuni hazikufilisika. Zilishusha namba kwenye mabango, maisha yakaendelea. Marekani nao, kuanzia Aprili 2024, walizitaka kampuni kubwa ziweke lebo mbele ya mnunuzi, iliyoigwa kwenye lebo za virutubisho za vyakula: bei, kasi ya kawaida ya kushusha na ya kupandisha, ucheleweshaji, na kiasi cha data kilichomo. Neno la kushika hapo ni "ya kawaida".

Hiyo ya kupandisha inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu huku kwetu ndiyo inayowaliza watu na haimo kabisa kwenye mabango. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, nenda steshenari yoyote ya Mafiati au Miyomboni. Benchi limejaa vijana na wazazi wao, kila mmoja na bahasha ya vyeti. Mwenye steshenari anaskani, anapata faili la MB 3, anabonyeza kutuma. MB 3 ni megabiti 24. Kasi ya kupandisha ikiwa Mbps 1, faili linaondoka kwa sekunde 24. Ikiporomoka hadi kilobiti 200 kwa sekunde, zinahitajika dakika mbili kamili, na kabla hazijaisha mfumo umekata, ukurasa umerudi mwanzo, jina la mama mzazi linajazwa upya. Mwenye steshenari amelipia "Mbps 20" na hajadanganywa hata kidogo, kwa kuwa 20 ilikuwa ya kushusha. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake nzima ni ya kupandisha.

Halafu kuna "bila kikomo". Kwenye maandishi madogo utakuta sera ya matumizi ya haki: ukishavuka kiasi fulani, kasi inapunguzwa. Chukulia inapunguzwa hadi kilobiti 512 kwa sekunde, ambayo ikiandikwa hivyo inaonekana ni kitu. Ni kilobaiti 64. GB 1 kwa mwendo huo inachukua saa nne na dakika ishirini. Kikomo kipo, wamekiita jina jingine.

Boksi la rauta nalo lina vituko vyake, ingawa hapo muuza intaneti hana hatia. Namba 300 iliyochapwa kwenye boksi ni ya Wi-Fi, kati ya rauta na simu yako, katika hali isiyopatikana kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye kuta tatu kati ya sebule na chumba cha mtoto. Zile zinazoitwa AC1200 zimejumlisha masafa mawili, 300 na 867, ambayo simu moja haitumii kwa pamoja, na nyingi za bei nafuu zina tundu la waya lisilovuka Mbps 100. Mtu analipa laki na ushee akidhani amenunua kasi, kumbe intaneti inayoingia ni ileile 20.

Kuhusu programu za kupimia kasi, zinafaa lakini zisikulevye. Nyingi huchagua seva iliyo karibu, wakati mwingine ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe, kwa hiyo zinapima barabara ya mtaani huku wewe safari yako ni ya mbali. Na zinakula bando: kwa Mbps 40, sekunde kumi za kupima kushusha tu ni MB 50. Nimeona watu wakipima mara tano mfululizo kwa hasira, kisha wanashangaa bando la siku limekwenda wapi.

Sheria hatuna upungufu nazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ipo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hupima ubora wa huduma za kampuni za simu, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Tunachokosa ni kelele. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, wananchi walipiga kelele na bei hizo zikasitishwa. Bando lina ushahidi unaoonekana: ulikuwa na GB 2, sasa una sifuri, na ujumbe umeingia kukuambia hivyo. Kasi haina ujumbe. Ikipungua, mtu husema "mtandao unasumbua", kana kwamba ni mvua, akaweka simu chini. Malalamiko ya namna hiyo hayawezi kufika popote kwa sababu hayana namba ndani yake.

Ukitaka yawe na namba, pima saa 2 usiku na si saa 5 asubuhi, siku kadhaa, kompyuta ikiwa imeunganishwa na rauta kwa waya ikiwezekana, piga picha ya kioo, andika na saa. Anza na kampuni, dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko, wakikupuuza peleka TCRA. Na kabla ya kulipa, muulize wakala mambo mawili ambayo hayamo kwenye bango: kasi ya kupandisha ni ngapi, na usiku hapa mtaani watu wanapata ngapi. La pili atalijibu kwa kubahatisha, lakini muulize mwenye duka la jirani, yeye analijua.

Kampuni za simu zikibanwa kuhusu "hadi" zina jibu moja ambalo lina uzito. Mtandao wa hewani haufanani na waya: mvua, vilima, idadi ya watu, umeme kukatika mnarani, vyote hubadilika, kwa hiyo haziwezi kumuahidi mtu wa Ipogolo namba maalumu. Nakubali. Ila anachohitaji mtu wa Ipogolo ni kuambiwa wenzake wa kata yake walipata kasi gani mwezi uliopita kati ya saa 2 na saa 4 usiku, walio wengi, kwa kushusha na kwa kupandisha, kwa MB. Kuijua namba hiyo hakuhitaji utafiti mpya wala mitambo mipya. Mitambo ya mtandao hurekodi kiasi cha data kilichopita na kasi waliyopata watumiaji, mnara kwa mnara, saa kwa saa, na wahandisi wa kampuni huitazama kila wanapoamua mnara upi uongezewe uwezo na upi usubiri.